Kuzipangia Kumbukumbu za Umma Mahali pa Kukaa

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya sayansi na teknolojia. Mada hiyo ni pana mno kwa mtu mmoja, tena baada ya chakula cha mchana kama hiki. Nimeona afadhali niseme juu ya kazi moja tu, ninayoifahamu kwa sababu ndiyo inayonipa mshahara. Nayo ni kupanga mahali zitakapokaa hifadhidata za ofisi za umma, yaani seva zake, diski zake na nakala zake za akiba.

Hifadhidata ni masjala. Kaka zetu wanaikumbuka masjala vizuri: chumba chenye makabati ya chuma, majalada yaliyofungwa kwa kamba, na karani mmoja ambaye akiugua yeye, ofisi nzima inaugua. Siku hizi jalada la mstaafu, la kiwanja au la cheti cha kuzaliwa limo ndani ya kompyuta. Limepangwa katika majedwali yanayohusiana, kwa utaratibu ambao Edgar Codd wa kampuni ya IBM aliueleza mwaka 1970. Mzee aliyetumikia umma miaka 35 anapofika dirishani, haki yake yote ni mistari michache katika jedwali. Mistari hiyo ikipotea, au ikichelewa kusomeka, mzee yule hana jingine la kuonyesha. Kwa hiyo wadogo zangu msidhani jambo hili ni la mafundi peke yao.

Zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, kila kazi ilinunuliwa seva yake. Mishahara ilikuwa na seva yake, stoo yake, barua yake. Ukiingia chumba cha mitambo ulikuta masanduku kumi na mawili yananguruma, yanakula umeme na kutoa joto, na ukiyapima uliona mengi yamekaa bure sehemu kubwa ya siku. Ndipo watu wakarudia wazo la tangu hapo: mtambo mmoja wenye nguvu ugawanywe kwa programu uwe kana kwamba ni mitambo mingi. Kila mgao hujiona ni kompyuta kamili, wala haujui kuwa una majirani. Mgao huo ndio tunaouita seva pepe, na programu inayogawa na kusimamia huitwa haipavaiza. Nasema wazo la tangu hapo kwa sababu IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. VMware ililileta jambo hilo kwenye seva za kawaida kwa programu yake ya ESX mwaka 2001, na mwaka 2007 KVM ikaingizwa ndani ya Linux, ambayo yeyote kati yenu anaweza kuipata bila kulipa senti.

Basi badala ya kumjengea kila mwanafunzi nyumba yake, tumejenga bweni. Faida zake hazina ubishi: umeme unapungua, mitambo inapungua, na seva moja ikihitaji kuhamishwa huhamishwa kama mtu anayebeba godoro lake kwenda chumba cha pili. Lakini kila aliyelala bwenini katika shule hii anajua kwamba taabu haikuwa vitanda. Taabu ilikuwa bomba saa kumi na moja alfajiri.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Diski ina sifa mbili, na wanunuzi wengi huiona moja tu. Ya kwanza ni ukubwa, yaani tangi linabeba maji kiasi gani. Ya pili ni wepesi, yaani bomba linatoa maji kiasi gani kwa dakika. Mabweni manne yakiwa na tangi la lita 20,000 na bomba moja la nusu inchi, vijana watachelewa mstarini hata kama tangi linafurika.

Diski ya kawaida ndani yake ina sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono unaokwenda juu ya sahani kutafuta mahali palipoandikwa. Mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 8, na kwa kawaida husubiriwa nusu yake, yaani 4. Mkono nao huchukua kama milisekunde 8 kufika mahali pake. Jumla ni 12, na ukigawa sekunde moja kwa 12 hizo unapata safari 80 hivi. Huo ndio upana wa bomba. Diski ya kwanza iliyouzwa na IBM mwaka 1956 ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5. Leo diski inayoenea kiganjani hubeba zaidi ya terabaiti 20. Tangi limekua ajabu. Lakini tangu diski za mizunguko 7,200 zilipoanza kuuzwa miaka ya 1990, bomba limebaki karibu pale pale, maana chuma ni chuma na hakizunguki kwa kuombwa. Diski za chipu, zisizo na kitu kinachozunguka, ndizo zilizovunja mpaka huo. Moja iliyotengenezwa kwa ajili ya seva hufanya safari makumi ya maelfu kwa sekunde.

Sasa nitawapa mfano wa ofisi moja, ambayo sitaitaja. Niliitwa pale baada ya malalamiko kuzidi. Walikuwa na seva sita za zamani, kila moja na diski zake, wakazihamishia zote katika mtambo mmoja mpya. Mtambo ulikuwa mzuri kweli kweli. Hati ya manunuzi ilitaja terabaiti, na terabaiti zilikuja: diski 8 za terabaiti 4 kila moja, za kuzunguka. Hifadhidata kubwa kuliko zote pale ilikuwa gigabaiti 300. Zote sita kwa pamoja hazikufika terabaiti 2. Lakini ilipofika siku ya kutayarisha malipo ya wastaafu, kazi iliyokuwa ikiisha usiku ikawa haijaisha saa sita mchana, na nje watu wamekaa chini ya mwarobaini tangu asubuhi wakiambiwa kompyuta ni nzito.

Kompyuta haikuwa nzito. Vijana wa Kidato cha Tano, fanyeni hesabu hii pamoja nami. Diski 8 mara safari 80 ni safari 640 kwa sekunde. Lakini diski zile zilikuwa zimefungwa pamoja kwa utaratibu uitwao RAID 5. Mpango huu wa kufunga diski nyingi zilindane ulielezwa na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988. Katika RAID 5 diski moja ikifa hupotezi kitu, ila kila andiko dogo hugharimu safari 4: kusoma maneno ya zamani, kusoma hesabu ya ulinzi, kuandika maneno mapya, kuandika hesabu mpya. Kama katika kila kazi 10 sita ni za kusoma na nne ni za kuandika, basi kazi 10 zinakula safari 6 na 16, jumla 22. Gawanyeni 640 kwa 22, zidisheni kwa 10. Mnapata kazi 290 tu kwa sekunde. Zigawanyeni kwa seva sita, kila moja inapata chini ya 50! Na usiku huo huo wa malipo, seva mbili kati ya hizo zilikuwa zimepangiwa kunakili akiba zao. Sita kwenye bomba moja, na wawili wamekuja na mapipa.

Hawakuhitaji mtambo mwingine. Zilinunuliwa diski 4 za chipu, zikapangwa pacha pacha, kila andiko linaandikwa mahali pawili, hifadhidata za malipo zikahamia huko. Zile za kuzunguka ziliachiwa barua na hati zilizopigwa picha, na kazi hiyo zinaiweza sana. Mwezi uliofuata malipo yalikuwa tayari kabla ya adhana ya alfajiri.

Kwa hiyo kabla ya kununua hapana budi kupima, na kupima kwenyewe kuna adabu yake. Pima mwezi mzima, siku ya mishahara ikiwemo na usiku wa kunakili ukiwemo. Wastani wa mwezi unadanganya, kwa sababu wastaafu hawaji kwa wastani, huja siku moja wote. Andika ni safari ngapi kwa sekunde, ngapi za kusoma na ngapi za kuandika, na kila moja ilingoja milisekunde ngapi. Karatasi hiyo moja itamfaa mnunuzi kuliko vitabu vyote vya rangi vinavyoletwa na wauzaji.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nigeukie jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko la wepesi. Karani akibonyeza kuthibitisha malipo na kompyuta ikajibu kwamba yamepokelewa, jibu hilo ni ahadi. Hifadhidata ya kweli haitoi ahadi hiyo mpaka muamala umeandikwa katika daftari lake la awali, na daftari hilo limefika juu ya diski, mahali ambapo umeme ukikatika maandishi yanabaki. Umeme ukirudi, husoma daftari na kukamilisha kilichokatika. Ndiyo siri yote ya uaminifu wake.

Lakini katika seva pepe, kati ya hifadhidata na diski kuna watu wengi wa kupokezana. Hifadhidata humkabidhi mfumo wa uendeshaji, mfumo humkabidhi haipavaiza, haipavaiza humkabidhi kadi inayoongoza diski, nayo kadi huikabidhi diski yenyewe. Mmoja wao akijibu "tayari" na hali maneno bado ameyashika mkononi, ahadi imekuwa ya uongo. Wala hafanyi hivyo kwa ubaya. Hufanya ili aonekane mwepesi. Kadi yenye betri, au diski ya chipu yenye akiba ndogo ya umeme ndani yake, inayo haki ya kujibu mapema, kwa kuwa ina nguvu ya kumaliza kuandika taa zikizima. Diski za bei nafuu za kompyuta za nyumbani aghalabu hazina akiba hiyo, na kwa kuzitazama kwa nje hutaona tofauti.

Mtajuaje basi? Kuna jaribio ambalo lolote kati ya maduka ya mitambo hupaswi kulionea haya. Andika programu ndogo inayoweka namba katika hifadhidata: 1, 2, 3, na kuendelea. Kila namba ikithibitishwa, ipelekwe kwenye kompyuta nyingine ikaandikwe huko pia. Inapokwenda kasi, chomoa waya wa umeme wa seva. Ndiyo, chomoa! Kisha washa, na ulinganishe. Ikiwa kompyuta ya pili inasema namba 48,210 ilithibitishwa na seva inaishia 48,175, basi ahadi 35 zimevunjwa, na mahali fulani katika mnyororo ule kuna mwongo. Mimi sipokei mtambo wa hifadhidata bila jaribio hili, na hulifanya mbele ya muuzaji. Wengine hukunja uso. Naona ni afadhali uso wake ukunjwe siku ya makabidhiano kuliko wa mstaafu siku ya malipo.

Mengine nitayapitia upesi. Kumbukumbu ya kazi, ile inayofutika umeme ukizimwa: haipavaiza huweza kuahidi zaidi ya ilicho nacho, ikitumaini kuwa wote hawatadai kwa pamoja. Kwa seva za barua haidhuru. Seva ya hifadhidata iwekewe fungu lake lote, lisiguswe na jirani, maana hujaza nafasi hiyo kwa makusudi ili isiende kwenye diski kila mara. Ukiinyang'anya kimya kimya, itadhani inasoma kumbukumbuni kumbe inasoma diskini. Viini vya prosesa navyo visitolewe ovyo. Mtambo wenye prosesa mbili za viini 16 kila moja una kumbukumbu iliyogawika pande mbili, na seva pepe ya viini 16 ikae upande mmoja. Ukiipa 20 kwa ukarimu, itakuwa inavuka ua kila mara kwenda kuchukua vitu upande wa pili.

Diski nazo huahidiwa. Unaweza kuziambia seva kumi kwamba kila moja ina terabaiti 2, na kabatini ziko 10 tu. Kazi inakwenda vizuri mwaka, miaka miwili, mpaka siku tangi linapokauka, na zote kumi husimama saa ile ile, hata ile ambayo haikutumia zaidi ya haki yake. Ofisi isiyo na mtu wa kutazama kipimo cha tangi kila asubuhi isijiingize katika mchezo huo.

Halafu kuna habari ya pacha. Hifadhidata muhimu huwekewa mwenzake wa akiba, anayepokea kila muamala ili mkubwa akianguka yeye ashike. Katika mitambo ya seva pepe ni rahisi sana pacha hao kujikuta katika mtambo mmoja, kwa kuwa haipavaiza huzihamisha seva yenyewe kutafuta nafasi. Hapana budi iandikwe kanuni kwamba hawa wawili wasilale bweni moja wala kutegemea kabati moja la diski.

Nakala ya akiba nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyowatoa watu machozi nchi za mbali zenye fedha kuliko sisi. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka katika jengo la mitambo ya serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, chanzo chake kikiwa betri za lithiamu. Mifumo 709 ya serikali ilizimwa, na 96 kati yake iliungua. Mmoja wa iliyoungua ulikuwa hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi wa umma, yenye terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya jengo lile. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Mimi ni mtumishi wa umma kama wao, na niliposoma habari hiyo niliweka gazeti chini nikaenda kutazama za kwetu ziko wapi.

Wengine hudhani picha ya seva pepe, ile inayochukuliwa kwa kubonyeza mara moja, ni nakala ya akiba. La hasha. Picha hiyo huishi katika diski zile zile pamoja na seva yenyewe. Kabati likiungua zimeungua zote. Isitoshe, ikiachwa muda mrefu huvimba, na huweza kuchelewesha kila andiko. Ina kazi yake, ya saa chache kabla ya matengenezo, kisha ifutwe. Ingawa siwezi kuidharau kabisa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta hifadhidata katika seva siyo. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4 na nusu. Walipokimbilia nakala zao za akiba wakakuta hazikuwa zikifanyika, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni picha aliyoichukua mhandisi kwa mkono kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kwa hiyo nakala ipimwe kwa kuirudisha, siyo kwa kutazama orodha iliyoandikwa "imefaulu". Kila robo mwaka sisi huirudisha hifadhidata nzima kwenye seva tupu na kumwita karani atafute majalada kumi ayajuayo. Tena pigeni hesabu ya muda. Kwenye waya wa gigabiti 1 kwa sekunde, gigabaiti 300 huchukua dakika 40 hata kila kitu kikienda sawa. Terabaiti 10 huchukua zaidi ya saa 22. Mkurugenzi anayesema ofisi haiwezi kufungwa zaidi ya saa nne aonyeshwe namba hiyo kabla ya kutia sahihi, siyo usiku wa msiba.

Neno moja la fedha, kwa kuwa naona wahasibu hapa mbele. Msihesabu bei ya mtambo mkasahau leseni. Oracle, katika sera yake, haikubali mgawo uliofanywa kwa VMware kuwa sababu ya kupunguza idadi ya leseni. Unaweza kuipa hifadhidata viini 4 na ukadaiwa malipo ya viini vya mtambo mzima, au zaidi. Na VMware yenyewe, baada ya kununuliwa na Broadcom Novemba 2023, iliacha kuuza leseni za kudumu mwezi uliofuata. Sasa hulipiwa kwa kipindi. Ofisi nyingi zilizojenga bweni juu ya kiwanja hicho zinapiga hesabu upya.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimeleta diski mbili zilizokufa, moja ya kuzunguka na moja ya chipu, zote zimefutwa na kibali cha kuzitoa ofisini ninacho. Ziko mezani kwa Mwalimu wa Fizikia. Vijana wanaotaka kuona ule mkono na zile sahani wakutane nami maabara saa kumi, waje na bisibisi ya ncha ya nyota iliyo ndogo, maana yangu nimeisahau nyumbani.